Maboksi ya Jumanne

Jumanne, 6 Novemba 2007

Leo gari dogo la buluu limesimama getini kwangu, na kwa mara ya kwanza maishani nimeletewa chakula nyumbani kama mgonjwa.

Dereva ni mtu wa makamo, mpole, anaitwa Micah. Alishusha maboksi mawili akayaweka juu ya meza ya jikoni, kisha akanipa karatasi nitie sahihi. Unga, mchele, mafuta, sukari, majani chai, sabuni. Chini kabisa kulikuwa na sukuma wiki iliyofungwa ndani ya nailoni, na nyanya nne zilizopangwa kwenye kisahani kama mayai.

"Nani ametuma?" nikamuuliza.

"Ni Kiptum, mathe. Wa Amerika. Ameoda kwa computer, duka letu la hapa Nakuru town linaleta."

Kiptum ni mwanangu wa pekee. Yuko Minnesota, huu mwaka wa saba, na hajarudi hata mara moja. Alipiga simu kabla sijamaliza kupanga vitu kabatini.

"Mum, umepata?"

"Nimepata."

"Kila Jumanne sasa. Mimi nabonyeza tu huku, wanaleta. Huo mgongo wako hautabeba kikapu tena."

Nilimshukuru. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, maneno ya shukrani hayanipigi chenga. Lakini sikumwambia kwamba Jumanne ndiyo siku yangu ya soko.

Alhamisi, 8 Novemba

Sukuma imegeuka njano. Mvua kidogo jioni.

Jumanne, 13 Novemba

Nimekaa nyumbani tangu asubuhi nikingoja gari. Ujumbe kwenye simu ulisema watafika kati ya saa mbili na saa kumi na moja. Micah alifika saa tisa. "Lazima mtu asaini, mathe, ama nirudishe." Nilimkaribisha chai, akasema bado ana nyumba kumi na nne. Siku nzima nimezungumza na mtu mmoja, kwa dakika tatu.

Jumanne ya kawaida ningekuwa sokoni kufikia saa nne. Ningeanzia kwa Wariara na kumalizia kwa Wariara. Anauza mboga na viazi karibu na mlango wa upande wa reli, na nimekuwa nikinunua kwake kwa miaka kumi na miwili, tangu mwaka aliofariki mume wangu. Siku ile ya kwanza nilikuja kununua kabichi moja, nikashindwa kusema ninataka kubwa au ndogo. Alinitazama, akanivutia kigoda nyuma ya meza yake, akanipa minji, njegere za maganda, nimenye. Hakuniuliza kitu. Tangu hapo kila Jumanne nimekaa kwenye kigoda kile saa nzima, vidole vikinuka minji, huku yeye akiuza na kugombana na wateja na kuniuliza maana ya maneno aliyoyasikia redioni.

Yeye ni Mkikuyu, mimi ni Mkalenjin wa Keringet. Mama yake mzazi ana shamba la viazi huko huko kwetu, nje kidogo ya Keringet, kwa hiyo tukiulizana habari za mvua tunaulizana habari za mahali pamoja.

Jumamosi, 17 Novemba

Nilikwenda sokoni, ingawa nyumbani sina ninachohitaji.

"Mwalimu! Nilidhani umekufa!" Wariara alipaza sauti mpaka watu wakageuka. "Jumanne mbili!"

Nikamweleza habari za Kiptum na maboksi.

"Kwa computer?" Alicheka, akawaita majirani zake wacheke naye. "Na hiyo computer inajua kuchagua viazi? Inajua kuuliza mtu ameamkaje?" Kisha akafuta mikono kwa aproni. "Lakini wewe una mtoto. Wangu yuko Naivasha hapa tu, na hata salamu haleti."

Wateja walikuwa wengi. Juu ya kigoda changu kulikuwa na gunia la karoti. Nilisimama kidogo, nikanunua vitunguu.

"Jumamosi sina hata nafasi ya kupumua," akaniambia akinirudishia chenji. "Wewe ni mtu wangu wa Jumanne."

Jumanne, 20 Novemba

Maboksi saa nane. Corn flakes. Kiptum anakumbuka nilivyokuwa nikimnunulia akipita mtihani. Mimi sizili.

Jumanne, 27 Novemba

Maboksi. Corn flakes tena.

Jumanne, 4 Desemba

Nimempigia Kiptum nikamwomba abadilishe siku.

"Haiwezekani, Mum. System yao, mtaa wenu ni Jumanne."

"Basi waache maboksi kwa jirani."

"Unaenda wapi Jumanne?"

"Sokoni."

"Uende soko kufanya nini na kila kitu kiko?"

Nilitafuta neno. Mwalimu wa Kiswahili mzima, nikalikosa. Nikamwambia basi, haidhuru.

Kabatini hakuna nafasi tena. Sukari nimeipanga chini ya kitanda.

Jumatatu, 10 Desemba

Jua kali. Upepo kutoka ziwani umeleta vumbi jeupe mpaka kwenye masufuria. Watu wanapita na matarumbeta ya kampeni. Nimefunga madirisha.

Alhamisi, 13 Desemba

Kimutai amepiga simu. Ni kaka yangu mdogo, ndiye aliyebaki na shamba la baba Keringet. Kwa kawaida hunipigia akitaka kitu, kwa hiyo nilikaa nikingoja alitaje.

"Dada, Krismasi njoo nyumbani."

"Nitakuja baada ya kura. Lazima nipige kura hapa."

"Njoo kabla. Na ukija, ukae." Akakohoa. "Huku kuna watu watahama."

"Watu gani?"

"Wewe ni mwalimu. Hujui kusoma?"

Nikamuuliza nani amesema, na lini, na watahamia wapi. Akasema vitu kama hivyo havizungumzwi kwenye simu, akanisalimia kana kwamba ndiyo kwanza tumeanza mazungumzo, kisha akakata.

Yapo majina matatu au manne ya watu wasio wa kwetu ninaowajua kule. La kwanza lililonijia ni la mama yake Wariara.

Jumamosi, 15 Desemba

Nilienda sokoni. Nilinunua vitunguu. Kulikuwa na watu wengi.

Jumanne, 18 Desemba

Nilipanga kwenda kwa Wariara leo. Nilikuwa nimeshavaa viatu wakati simu ilipolia: maboksi ya Krismasi yanakuja, kuna nyama ya barafu ndani, lazima mtu awepo. Nikavua viatu.

Saa nne, saa sita, saa nane. Nilisimama dirishani mpaka kioo kikapata ukungu wa pumzi yangu. Micah alifika saa kumi na moja na nusu, macho mekundu kwa uchovu. "Pole, mathe, leo kila mtu ameoda. Watu wanajaza nyumba, wanasema baada ya kura hakujulikani."

Nilitia sahihi nikaacha nyama juu ya meza, nikaenda sokoni karibu kwa kukimbia. Nilikuta wafagiaji. Meza ya Wariara ilikuwa imefunikwa gunia na kufungwa kamba.

Maboksi haya yatanitia wazimu.

Alhamisi, 20 Desemba

Wariara hayupo. Nanyama, yule anayeuza ndizi kwenye meza ya pili, aliniambia ameondoka jana kwenda kwa mama yake kuvuna viazi. Atakaa huko apite Krismasi, arudi siku moja kupiga kura, kisha aende tena kumalizia.

"Una namba yake?" nikamuuliza.

Nanyama alinishangaa. "Mwalimu, wewe ndiye huna? Na mlivyokuwa!"

Miaka kumi na miwili, na sikuwahi kuhitaji namba. Alikuwa pale pale.

Akanipa, nikapiga hapo hapo sokoni. Sauti ya yule mwanamke wa mashine ikasema mteja hapatikani. Kule kwetu simu hushika mtandao juu ya kilima cha shule peke yake. Nikaandika ujumbe: *Wariara, mtoe mama huko mapema. Usingoje. Mwalimu Jepkemboi.*

Jumatatu, 24 Desemba

Hapatikani. Nimetuma tena.

Jumanne, 25 Desemba

Kanisani asubuhi. Kiptum alipiga, tukaimba pamoja wimbo mmoja kwenye simu, sauti yake ikitangulia yangu au yangu ikitangulia yake. Nimetuma ujumbe tena.

Alhamisi, 27 Desemba

Nimepiga kura. Foleni ya muda wa saa nne, watu walikuwa na furaha, walikuwa wakigawana maji. Nilitafuta uso wa Wariara kwenye foleni zote, sikuuona. Ujumbe wa mwisho leo.

Jumapili, 30 Desemba

Wametangaza matokeo ya kura ya rais. Kabla redio haijamaliza, nje kulikuwa na mayowe, mengine ya furaha na mengine sijui ya nini. Nimefunga mlango kwa kufuli mbili.

Jumatano, 2 Januari 2008

Kimutai: "Sisi tuko salama, dada."

"Na yule mama wa shamba la viazi?"

"Walienda."

"Walienda au waliondolewa?"

Alikata simu.

Jumanne, 8 Januari

Micah hakuja. Duka limefungwa. Barabara za kuingia mjini zina mawe na magogo. Kutwa nzima malori yamepita kutoka upande wa Molo, njia ya Keringet, yakiwa yamejaa watu, magodoro na kuku. Wanapelekwa uwanja wa maonyesho. Nilisimama getini nikitazama kila lori mpaka mtu mmoja juu ya magunia akanitazama kwa macho ambayo sikuweza kuyastahimili. Nikaingia ndani.

Jumanne, 15 Januari

Micah hajaja. Nina unga, sukari na corn flakes. Mboga sina.

Ijumaa, 25 Januari

Ninaandika nikiwa nimekaa sakafuni, jikoni, mgongo kwenye ukuta.

Moshi ulianza asubuhi upande wa chini wa mji, nguzo moja, halafu tatu, halafu sikuhesabu tena. Kufikia saa sita vijana wenye panga na rungu walikuwa wakipita mtaani petu wakiuliza ni nyumba ya nani hii na ni ya nani ile. Niliwasikia kwa jirani upande wa kushoto. Jirani akajibu kwa Kikuyu, wakacheka naye, wakaja kwenye geti langu.

Walilitikisa. Mmoja akauliza kwa Kikuyu, sauti ya mtoto wa kidato cha nne. Ninaelewa Kikuyu cha sokoni, cha "ngapi" na "punguza". Nilielewa kwamba wameuliza nani yumo, na nikaelewa kwamba nikijibu kwa mdomo wangu nitakuwa nimejibu yote.

Nilikaa kati ya maboksi. Nilishika mdomo kwa mikono miwili kama mtoto aliyekatazwa kucheka darasani. Kisha nikasikia sauti ya jirani, Mzee wa nyumba ya kushoto ambaye sijawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu: "Hapo hakuna mtu. Mwenyewe alihama." Wakatikisa tena. Wakaenda.

Redio imetangaza kafyu.

Nikiwa pale sakafuni nilimwona mama yake Wariara, ambaye sijawahi kumwona. Alikuwa amekaa hivi hivi, mgongo kwenye ukuta. Tofauti ni kwamba waliomjia yeye walizungumza lugha yangu.

Jumanne, 29 Januari

Asubuhi simu ililia, ujumbe: *Oda yako imefikishwa. Asante kwa kununua nasi.*

Nilikwenda mpaka getini kuangalia. Hakukuwa na kitu, wala barabarani hakukuwa na mtu.

Kiptum akapiga. "Mum, nimeona zimefika. Angalau una chakula, nimeshukuru Mungu."

"Hazijafika."

"Hapa inasema delivered. Saa mbili na dakika kumi."

"Kiptum, mimi ndiye niko hapa."

"Labda wameacha kwa jirani. Uliza jirani."

"Mwanangu, hapa watu wanachomwa. Hakuna gari. Hakuna mtu aliyeleta kitu."

Akasema polepole kama anayezungumza na mzee aliyechanganyikiwa, "Lakini, Mum, imeandikwa."

Nilitaka kumgombeza. Badala yake nikasikia kwamba analia, na kwamba anataka sana iwe imefika. Nikamwambia ngoja niangalie tena. Nikakaa kidogo, nikarudi kwenye simu, nikasema, "Ni kweli, ziko kwa jirani." Akapumua.

Alhamisi, 31 Januari

Gari la buluu limekuja. Aliyekuwa kwenye usukani hakuwa Micah bali mama wa Kihindi, ameshika funguo mkononi kama silaha, nywele zake zenye mvi zimefungwa kitambaa.

"Mimi ni Simran, duka ni yetu," akasema. "Micah amepeleka familia kwao Kakamega. Na ile message ya Jumanne, tafadhali nisamehe. Mashine inajituma yenyewe saa ikifika. Nimesahau kuizima. Watu wananipigia kutoka London, kutoka Canada, wananiambia asante." Alifunika macho kwa kiganja. "Asante!"

Nilimkaribisha chai. Alikuwa mtu wa kwanza kukaa kwenye kiti changu tangu Novemba. Alizaliwa Nakuru, baba yake pia. Alisema wiki baada ya wiki alikuwa akiona jina langu tu na oda yangu kwenye mashine, na alikuwa akijiuliza huyu Jepkemboi anayekula corn flakes zote hizi ni nani.

Tulicheka, kisha nikalia. Nikamweleza habari za Wariara. Sikumweleza zote.

"Uwanja wa maonyesho mimi huingia," akasema. "Napeleka unga. Lakini wewe, Mwalimu, na jina lako…"

"Nitakaa kimya."

Jumanne, 5 Februari

Nimempata.

Simran alinikalisha mbele, akaniambia nisishuke mpaka aniambie. Mahema meupe yalikuwa yamepangwa kuanzia jukwaa la ng'ombe mpaka ukutani, moshi wa kuni mbichi juu yake, na vumbi. Nimewahi kuleta wanafunzi wangu pale kukariri mashairi kwenye maonyesho. Simran aliuliza mama mmoja, huyo akauliza mwingine. Baada ya muda akarudi dirishani: "Yuko safu ya mwisho, karibu na mabomba. Twende haraka."

Wariara alikuwa ameinama juu ya sufuria. Amekonda, kitambaa alichojifunga si chake. Alipoinua kichwa nilifungua mikono. Hakuja.

"Mwalimu."

"Wariara. Mama yuko wapi?"

Alikoroga uji. "Mama amekufa. Kwa lori, karibu na Elburgon. Baridi na hofu. Tulilala siku tatu msituni kabla ya kupata hilo lori."

Nikasema maneno ambayo watu husema. Aliniacha niyamalize.

"Unajua simu yangu ilishika network wapi?" akaniuliza. "Kwa hilo lori. Tulipofika barabara kubwa. Ikalia mara nne, nikafikiri ni mtoto wangu wa Naivasha. Ni wewe. 'Mtoe mama huko mapema.' Mama ameniegemea hapa." Aligusa bega. "Nikaangalia tarehe. Tarehe ishirini. Mwalimu, ulijua tarehe ishirini."

Ningeweza kunyamaza. Simran alinishika mkono kama anayesema tuondoke.

"Nilijua tarehe kumi na tatu," nikamwambia. "Kaka yangu alinipigia."

"Kumi na tatu." Alikuwa akihesabu, nikaona akifika pale nilipojua atafika. "Jumamosi ulikuja. Tarehe kumi na tano. Ulinunua kitunguu."

"Ndiyo."

"Ulisimama mbele yangu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Watu walianza kutusogelea. Nilijibu kwa sauti ndogo, nikajibu kweli. Kwamba kulikuwa na wanawake wengi mezani, na niliogopa wakisikia watauliza mimi nimejuaje. Kwamba niliogopa kaka yangu atajulikana. Kwamba nilisema moyoni, Jumanne nitamwambia tukiwa wawili, na Jumanne nikakaa nyumbani kungoja nyama.

Wariara aliipua sufuria akaiweka chini. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

"Enda, Mwalimu," akasema. "Enda kabla hawa hawajajua wewe ni nani. Sitaki pia hiyo."

Jumatano, 6 Februari

Nimerudi nyuma kwenye daftari hili nikasoma tarehe 15 Desemba. *Nilinunua vitunguu. Kulikuwa na watu wengi.* Halafu tarehe 18, kwamba maboksi yatanitia wazimu. Hata hapa, ambapo hakuna anayesoma ila mimi, nilidanganya. Maboksi hayakunizuia. Nilifurahi yalipochelewa. Kila saa gari lilipokosa kufika ilikuwa saa moja zaidi ya kutomwangalia Wariara usoni.

Jumamosi, 9 Februari

Nimempigia Kiptum nikamwambia yote: ya Kimutai, ya Wariara, na kwamba yale maboksi hayakuwa kwa jirani. Alisikiliza. Kwake kulikuwa na theluji, alisema, imefika kwenye madirisha.

"Sitaki unga, Kiptum," nikamwambia. "Nataka uje."

Nilimsikia akitembea chumbani. Mlango ukafungwa.

"Mum, siwezi. Karatasi zangu ziliisha 2004. Nikitoka huku, siingii tena. Nalala watu sita kwa nyumba moja. Nilikuwa nakwambia masomo, masomo, lakini naosha magari. Hii ya kukutumia chakula ndiyo kitu ya pekee naweza kukufanyia. Nikibonyeza pale, naona jina la mtaa wetu. Naona geti."

Kwa hiyo sote wawili tulikuwa tumekaa nyuma ya mlango uliofungwa, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba kila kitu kimefika.

Nilimwambia atume mara moja kwa mwezi. Unga, mchele na mafuta. Mboga nitajinunulia.

"Na corn flakes?"

"Tuma," nikasema. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 28 Februari

Wale wawili waliogombania urais wamepatana, wameonyeshwa kwenye televisheni wakisaini. Mzee wa nyumba ya kushoto alipiga honi ya gari lake mara tatu. Nilitoka nikamsalimia kwa mkono. Jina lake ni Gichuru. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka tisa.

Jumanne, 4 Machi

Wariara amerudi sokoni. Nanyama alinipigia kuniambia.

Nilipanga foleni kama watu wengine. Zamu yangu ilipofika alinitazama, kisha akatazama mikono yangu.

"Customer, unataka nini?"

"Sukuma. Na viazi."

Alinipimia sawasawa. Alifunga kwa gazeti, akasema, "Next." Kigoda hakikuwepo.

Jumanne, 11 Machi

Sukuma na viazi. "Next."

Kimutai amepiga, hakusema anachotaka. Nikamuuliza ni nani anayelima lile shamba la viazi sasa. Akasema limekaa tu. Nikamwambia likikaa au likilimwa, mimi Keringet sitakuja mpaka aniambie alisimama wapi siku ile. Mtandao ukapotea, au akaupoteza.

Jumanne, 18 Machi

Sukuma, karoti. Nanyama aliniuliza kando kwa nini ninajitesa, kuna wauza mboga arobaini soko hili. Nikamwambia najua.

Jumanne, 25 Machi

Joto la asubuhi lilikuwa la kukaba koo. Juu ya mlima Menengai kulikuwa na wingu jeusi, na sote tulilitazama, kwa kuwa ardhi imepasuka na watu wengi hawana mbegu wala mahali pa kupanda.

Nilikuwa wa tatu kwenye foleni wakati mvua ilipoanguka. Haikuanza kwa matone. Ilimwagika. Wateja walikimbilia kwenye baraza za maduka, wauzaji wakafunika vitu vyao kwa chochote. Wariara alikuwa na karatasi kubwa ya nailoni, akaifunga upande mmoja kwenye nguzo, lakini upande wa pili upepo uliipiga ukamnyang'anya. Viazi vilianza kubingirika kwenye matope. Aliikamata, ikamponyoka, akaikamata tena.

Niliingia nyuma ya meza nikashika pembe iliyobaki. Hakuniambia niiache. Tukaivuta mpaka ikakaza, yeye pembe hii na mimi ile, mikono juu ya vichwa, maji yakitiririka kwenye viwiko na kuingia ndani ya nguo.

Tulisimama hivyo muda mrefu. Kelele ya mvua ilikuwa kubwa sana, pengine ndiyo iliyomfungua. Alianza kuzungumza bila kunitazama.

Aliniambia kwamba waliwasikia kabla ya kuwaona. Kwamba mama yake alikataa kutoka bila blanketi la marehemu mumewe, wakabishana juu ya blanketi nyasi za paa zikiwa zimeshika moto. Kwamba msituni mama yake alimwomba uji, na yeye hakuwa na kitu ila kiazi kibichi, akamtafunia kama mtoto. Kwamba ndani ya lori mama alimwita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, na yeye akaitika. Aliitika mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alikuwa anasoma ujumbe wangu, hakuitika, na aliporudi kumwangalia alikuwa ameshakwenda.

Sikusema pole. Sikusema ningalijua, maana nilijua. Mabega yalianza kuniwaka, halafu vidole vikafa ganzi.

Mvua ikapungua, ikawa manyunyu, ikakoma. Wateja wakaanza kurudi wakiruka madimbwi. Mmoja akasimama mbele ya meza na kuuliza bei ya karoti.

"Ngoja kidogo," Wariara akamwambia. "Bado naongea na Mwalimu."